Taa Nyekundu na Kiti cha Mkwe

Mtanisamehe kwa mwandiko huu uliolala upande, na kwa herufi nitakazokosea. Nilisoma darasa la nne tu, na kalamu kwangu ni nzito.

Nilipokuwa mgeni bado wa kuendesha gari la mjomba, nilitumwa Kiwangwa kumchukua mama wa mchumba wangu. Kaka wa mama huyo alikuwa amefariki alfajiri, Bagamoyo, na angezikwa baada ya adhuhuri. Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Asipofika kabla jeneza halijatoka nyumbani, hamwoni tena nduguye.

Hatujafika Fukayosi, ikawaka taa nyekundu ya kuonya kwamba petroli inakwisha. Nilikuwa nimejaza asubuhi ile ile. Au tangi limetoboka? Petroli nyingine ilikuwa Bagamoyo tu. Nikapunguza mwendo ili niibane, jua nalo likazidi kupanda.

Ningeweza kupima kwa kijiti, lakini mdomo wa tangi ulikuwa chini ya kiti alichokalia mama. Mkwe hatazamwi usoni. Nitamwambiaje inuka? Jasho likanitoka mpaka vidoleni.

Shangazi wa mchumba wangu, aliyekaa nyuma, akagonga bati. "We bwana harusi! Hili gari au kobe? Tushuke tukusukume?"

"Shangazi," nikasema nikiutazama usukani, "mwambie mama... kuna kitu chini ya kiti."

"Nyoka?"

"Tangi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wifi, inuka! Mkweo anataka kukagua ulichokikalia!"

Mama akashuka, amejitanda kanga usoni. Nikainua kiti, nikachovya kijiti: kikatoka kimelowa zaidi ya nusu. Basi petroli ipo, taa ndiyo inayodanganya. Nikaufuata waya wake kwa kidole kutoka kwenye tangi, nikakuta mahali umechunika, shaba inagusa chuma. Nikauinua.

"Taa imezimika!" akasema shangazi.

Nikauviringishia kitambaa. Lakini hata ilipozimika niliiogopa vilevile. Ikiwa iliwaka kwa uongo, nitaamini vipi kuzimika kwake? Nikajikumbusha kile kijiti, nikakanyaga mafuta.

Tulikuta jeneza limeshafika mlangoni, mabegani mwa watu. Mama akashuka gari halijasimama sawasawa. Wanaume wakalitua, wakamfunulia uso. Mimi nilibaki nimeushika usukani, nikimsikia akimwita kaka yake kwa jina la utotoni.

Ninyi mnaoendesha magari, niandikieni. Angekuwa mkwe wenu juu ya kiti kile, mngesema nini, na mngekwenda umbali gani kabla ya kusema? Nitawajibu, ingawa polepole.