Mkongojo wa Mkono wa Kulia

Miaka ile ya vita nilikuwa muuguzi Fizi, na mali yangu kubwa ilikuwa kitabu cha Kifaransa cha upasuaji wa mifupa, kilichoachwa na daktari aliyeondoka bila kuaga. Sura niliyoipenda ilihusu nyonga za bandia. Wapasuaji wa mwanzo walijaribu pembe za ndovu, wengine kioo, na kioo kikapasuka ndani ya watu. Walitazama mfupa tu. Ilichukua muda mrefu mtu kuuliza mzigo unapita wapi.

Jibu lilikuwa kwenye mchoro mmoja wa mizani. Ukisimama kwa mguu mmoja, mwili hutaka kuangukia upande wa pili. Msuli wa nyonga huuvuta usianguke, na kiungo hubeba mwili pamoja na mvuto huo, mara kadhaa ya uzito wako. Kwa hesabu za namna hiyo wakaja kutengeneza kichwa kidogo cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki, na watu wakatembea.

Mama yangu alikuwa na nyonga mbovu ya kushoto. Fizi hapakuwa na kikombe cha plastiki. Hata dawa ya maumivu ilikuwa ya kubahatisha. Katika elimu yote ile kilichotufaa ni mstari mmoja: mkongojo ushikwe mkono wa upande usiouma, ili msuli upumzike. Yeye aliushika kushoto, kwenye maumivu, kama kila mtu.

"Mama, shika na mukono ya kuume."

"Batu bakinikuta mu njia, nitabasalimia na nini? Na kitabu yako?"

Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akauliza mkuu ni nani mu ile nyumba.

Risasi zilipokaribia, tulishuka kwa miguu kwenda Baraka kutafuta boti ya kuvuka ziwa. Nilimwambia wazi kwamba akishika kushoto hatufiki, nami sitamwacha. Aliogopa kwa ajili yangu, akahamishia kulia. Siku ya kwanza alitembea vizuri hata nikajisifu moyoni. Waliotupita walimsalimia, naye akajibu kwa kichwa tu, kwa aibu.

Siku ya pili, chini ya daraja, alikuwa ameketi mama mmoja wa milimani, wa wale wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Zamani alituuzia maziwa. Sasa watu wetu waliwahesabu kuwa adui, na wote walimpita kama kisiki. Mama akasimama. Akahamishia mkongojo kushoto, akateremka hadi pale, akampa mkono wa kulia na kumwuliza habari za watoto. Walishikana muda mrefu. Alipogeuka kupanda, mguu ulikataa.

Nilikasirika, sitaficha. Nilimfuata kule chini nikiwa nakiona kile kiungo kama kilivyochorwa.

"Si ungemupa kushoto tu, Mama?"

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu.

"Wakati nilikuzaa, maziwa yangu ilikauka. Ile yenye ulikunywa ilitoka kwa huyu, na hakuomba kitu. Nimupe kushoto?"

Nikatoa kitabu kwenye mfuko, kwa kuwa kilikuwa kizito, nikakiacha majanini. Nikamwinamia yule mama, nikamsalimia kwa mikono miwili. Kisha nikamtia Mama mgongoni, nikambeba mpaka botini.