Kilemba Kisichoenea Kwenye Runinga

Baba yangu anaamini kwamba mtu akinunua runinga ya inchi arobaini na tatu, ana haki ya kuonyeshwa inchi zote. Filamu ikianza na yale mapande meusi juu na chini, anashika rimoti kama anayetaka kumtandika mwizi, anabonyeza huku akiuliza "Imejaa?" mpaka picha ijae kioo. Waigizaji wanakuwa warefu na wembamba kama mianzi, lakini roho yake imetulia. Zilizomtesa ni hizi filamu za siku hizi ambazo picha zake hazikai sawa. Watu wakizungumza chumbani, picha inakuwa nyembamba. Vita vikianza, inafunguka mpaka kwenye kingo. Mazungumzo yakirudi, nayo inajibana tena. Mara ya kwanza alikimbilia kuzima swichi ukutani akidhani runinga inakata roho. Nilimweleza kwamba waliotengeneza filamu ndio waliotaka iwe hivyo. Akaniuliza kama hao watu walimchangia kununua runinga.

Kwetu Lushoto hilo lilikuwa jambo la kutaniana tu baada ya chakula, mpaka ilipokuja video ya harusi ya mdogo wangu.

Kwanza nimtambulishe shangazi. Ni dada mkubwa wa baba, analima kabichi na viazi Lukozi, na ni mrefu kiasi kwamba baba akisimama karibu naye huonekana kama mtoto aliyetumwa dukani. Mama yetu alipofariki, mimi nilikuwa nimeshaanza shule, lakini mdogo wangu alikuwa bado ananyonya. Shangazi alikuja msibani, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akaenda naye Lukozi, akamlea mpaka akawa binti wa kuposwa. Mimi nilibaki na baba na rimoti yake.

Siku ya harusi shangazi alifunga kilemba ambacho sijaona kingine cha kukifikia. Kilikuwa cha rangi ya dhahabu, tabaka juu ya tabaka, na ndani ya gari ilibidi aketi ameinamisha kichwa kama anasali. Nilimtania kwamba tungemkodia lori. Akanijibu kwamba mama wa bibi harusi asipokuwepo, anayesimama mahali pake lazima aonekane hata na waliokaa nyuma kabisa. Akaingia na mdogo wangu kanisani hivyo, baba upande mmoja, yeye upande wa pili, bibi harusi katikati.

Fundi wetu wa video alikuwa kijana wa Soni ambaye droni yake ilimpa kiburi kuliko gari. Alitaka harusi yetu ifanane na sinema. Mambo ya ndani, kanisani na kwenye sherehe yetu ya kumuaga binti, akayabana kwa mapande meusi juu na chini. Mambo ya nje, yaani msafara wa magari ukiteremka zile kona kwenda Mombo na sherehe ya upande wa bwana harusi kule Muheza, akayafungua picha ikajaa kioo kizima. Bila kukusudia, maana sidhani kama alikuwa na akili ya kukusudia, akawa ametubana sisi na kuwafungulia wakwe.

Tulipoiweka mara ya kwanza tulikuwa watatu tu: baba, shangazi na mimi. Shangazi alikuja kutoka Lukozi amekifunga kilemba kilekile, nadhani ili alinganishe. Ikafika sehemu ya kuingia kanisani. Baba, kwa ufupi wake, alienea vizuri. Mdogo wangu na shela lake alienea. Shangazi aliingia kanisani kuanzia kidevuni kwenda chini.

"Kichwa changu kiko wapi?" aliuliza.

"Kimefunikwa na hilo jeusi, dada," baba akasema. "Subiri nikitoe."

Akabonyeza. Picha ikavutika kwenda juu na chini, na kidevu cha shangazi kikarefuka kama mguu wa soksi. Akabonyeza tena. Safari hii jeusi likatoka lote, lakini picha ikawa imevutwa mbele na pembeni pakakatwa: baba mwenyewe akatoweka, na kwa shangazi tukabakiwa na bega moja na nusu ya mkoba.

"Sasa na bega mnanichukua," shangazi akasema. "Bonyeza tena, kichwa kiko huko nyuma."

Hakikuwa nyuma. Video ikaendelea, tukafika Muheza, picha ikafunguka yote. Kila mtu alionekana. Mbuzi mmoja alikatiza nyuma ya jukwaa, naye alionekana pembe mpaka mkia. 

"Hata mbuzi wao ana kichwa," shangazi akasema. "Wa Muheza wamefunguliwa mlango. Sisi tumechunguliwa kwenye ufa."

Nilijaribu kueleza habari za mitindo ya sinema. Mimi napenda kubishana, na kwa kawaida nashinda, lakini si rahisi kubishana na mtu ambaye mbuzi amemzidi hadhi. Ndipo akakifungua kilemba taratibu, akakikunja mapajani.

"Wale wakwe hawanijui," alisema. "Kanisani walifika nimeshamwingiza binti. Kule Muheza mshereheshaji alinitaja katikati ya mashangazi, kama gunia katikati ya magunia. Nikajikaza. Nikasema si kitu, wataona kwenye video ni nani aliyemwingiza kanisani. Sasa watakachoona ni gauni."

Hapo sikucheka. Niliona haya kwa niaba ya runinga.

Wiki hiyohiyo wakwe wakapiga simu: Jumamosi wangepanda kuja kutusalimia na kutazama video pamoja nasi. Nikashuka Soni kumtafuta fundi. Akanipokea kwa tabasamu. "Dada, hiyo ndiyo staili ya kisasa," alisema. Nikamwambia anipe picha nzima ya kanisani, ile ambayo haijakatwa. Akasema kilichokatwa kimekatwa, na zile za mwanzo alishazifuta apate nafasi ya kazi nyingine. Nilimwambia maneno ambayo baba hajui kama nayajua.

Alipoona sinyamazi, akanikumbusha kwamba kuna kipande nilichompa mwenyewe, nilichopiga kwa simu asubuhi ya harusi nyuma ya nyumba. Kweli kilikuwemo kwenye video. Lakini kwa sababu niliishika simu wima, alikiweka kama utepe mwembamba katikati ya giza, na kikapita kabla hujamaliza kukodoa macho. Akaninakilia kile kipande peke yake kwenye flashi, kama kilivyotoka kwenye simu, ili niondoke dukani kwake.

Jumamosi wakwe wakafika na mfuko wa machungwa, wamevaa makoti kama wanakwenda kuvunja barafu. Baba alimwambia mkwe mwenzake, baba wa bwana harusi, kwamba huku machungwa hayawezi kuota kwa sababu yana akili, yanaogopa baridi. Mkwe akajibu kwamba hata watu wa huku wangekuwa na akili wangeshateremka. Hapo tukajua mambo yanakwenda vizuri. Shangazi alikuja pia, kichwa kikiwa na mtandio wa kawaida. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa sofa na kukaa kwenye kigoda karibu na mlango, akisema amekuja kunywa chai tu.

Video ikaanza. Wakwe walifurahia sherehe ya kumuaga binti, wakafurahia shela. Ikafika kanisani. Mama mkwe wa mdogo wangu, mwanamke mpole asiye na hila yoyote, akainama mbele.

"Huyu mrefu aliyekatwa kichwa ni nani?"

 Baba alianza kupapasa rimoti.

"Ni jirani," shangazi akasema kutoka mlangoni.

Kisha akaongeza kitu kwa Kishambaa kuhusu fundi na watakaozaliwa kwa fundi, akisahau kwamba wakwe zetu wa Muheza ni Wabondei, na Wabondei wanaelewa Kishambaa chetu karibu chote. Mama mkwe akaziba mdomo kwa mkono, sijui ni kwa kicheko au kwa mshtuko.  Nikainuka, nikachomoa flashi ya video ya harusi, nikachomeka yangu.

Runinga yetu haijui kwamba simu inaweza kushikwa wima. Kile kipande kikatokea kimejaa kioo chote, hakuna jeusi hata kidogo, ila kimelala ubavu. Shangazi na mdogo wangu walikuwa wamelala kwenye ukuta wa nyumba kama wagonjwa. Sebule nzima ikainamisha vichwa begani. Mkwe, kwa adabu, alijitahidi kuinama kuliko wote mpaka chai ikamwagika.

"Isimamisheni," shangazi akasema.

"Haina kitufe cha kusimamisha, dada."

"Nani amesema kitufe? Una mikono."

Dada mkubwa akishasema hivyo, baba hana ubishi. Akaishika runinga upande mmoja, mkwe naye akavua koti akashika upande wa pili, wakaiinua mezani na kuigeuza. Kwanza waligeuza vibaya, bibi harusi akawa amesimama kwa kichwa. Tukapiga kelele. Wakaizungusha upande mwingine, waya ukavutika mpaka mwisho, wakaishikilia wima kifuani mwao, wamesimama nyuma yake kama watu waliobeba mlango.

Nikaanzisha kipande upya. Shangazi alikuwemo mzima, kutoka kileleni mwa kilemba mpaka kwenye viatu. Alikuwa mkubwa karibu kama mtoto wa chekechea aliyesimama hapo sebuleni. Alikuwa amepiga magoti kwenye udongo mwekundu, anafuta tope kwenye viatu vya bibi harusi kwa pindo la kitenge chake kizuri. Akainuka, akamnyooshea shela, akarudi nyuma kidogo kumtazama. Mdogo wangu akasema, sauti ikasikika wazi: "Mama, usilie, na mimi nitalia."  Shangazi alimshika mashavu kwa mikono miwili, kama anavyomshika tangu akiwa mdogo.

Mama mkwe alinyanyuka kwenye sofa. Alikwenda mpaka mlangoni, akapiga goti mbele ya kile kigoda.

"Shikamoo, mama," alisema, ingawa walikuwa wameshasalimiana. "Kumbe ni wewe."

"Marahaba," shangazi akajibu, na macho hayakutoka kwenye kioo.

Nyuma ya runinga mikono ya wazee wawili ilikuwa imeanza kutetemeka. Hawakuwa wameona chochote. Baba, shavu likiwa limebanwa na plastiki, aliuliza lile swali analouliza siku zote.

"Imejaa?"

Shangazi alikuwa ameshauvua mtandio. Akamvuta mama mkwe kwa mkono ili aketi karibu naye.

"Imejaa," alisema. "Msiishushe. Irudie."