Futi Elfu Moja za Verna Stidham

Ukitaka kumwona Verna Stidham akipandwa na hasira, mtajie mabwawa ya maji taka. Ndiko sheria aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe ilikoruhusu duka la bangi ya dawa lihamie. Huko, au makaburini. Kwingine kote katika mji wa Almond Bend, California, ni marufuku.

Verna alikuwa mpishi wa shule ya msingi hadi alipostaafu. Ni mwanamke wa kulipa kodi mapema na kusimamisha gari penye kibao cha kusimama hata barabara ikiwa tupu. Mumewe Royce, fundi wa kuchomelea vyuma, alipatwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliomkaza miguu mpaka akang'ata mto. Vidonge vilimlevya tu. Daktari akamwandikia matone ya bangi, ukiyaweka chini ya ulimi, mguu ukalegea, mtu akalala. Yaliuzwa mahali pamoja tu, kwa Anselmo Quiroz, nyuma ya duka la matairi, na baraza la mji lilikuwa linatafuta njia ya kumfungia duka.

Kwao, baraza likiwa na kichwa kigumu, wananchi huandika sheria yao, wakakusanya saini, ikapigiwa kura. Basi Verna akakaa kuandika sheria ya kuliruhusu duka la Quiroz. Kosa likafanyika mezani siku ya Jumapili, kuku akiwa bado wa moto. Wifi yake Ivalene, dada yake Royce, mkubwa wa akina mama kanisani, aliweka uma chini.

"Wifi, watu wanawaogopea watoto," alisema. "Andika duka likae futi elfu moja kutoka kila mahali watoto wanapokusanyika. Ukiandika hivyo, nakuletea kanisa zima."

"Futi elfu moja ndiyo wapi?"

"Si mbali. Kama kutoka hapa hadi kwa kina Hargis, pale mtaani."

Hakuna aliyeinuka kupima. Verna akaongeza mstari huo, akashinda kiangazi kizima mlangoni pa supamaketi akiomba saini, shingo ikambabuka kwa jua. Ivalene naye alitimiza ahadi, kanisa likaja lote. Kura za ndiyo zikashinda, Quiroz akachoma nyama uani, Royce akacheza kwenye kiti chake cha magurudumu.

Kisha mwanasheria wa mji akatandika ramani na kuchora miduara ya futi elfu moja kuzunguka kila mahali pa watoto. Shule, bwawa la kuogelea, uwanja wa besiboli, makanisa yote yenye mafundisho ya watoto, hata vituo vya basi la shule. Kwa kina Hargis penyewe hapafiki hata nusu ya futi elfu. Mji ni mdogo, miduara ikaumeza wote, yakabaki mabwawa ya maji taka na makaburi. Quiroz akaambiwa afunge mwisho wa mwezi.

Verna alikwenda barazani. Pale kila mtu hupewa dakika tatu kwenye kipaza sauti, na alizitumia zote kupiga kelele.

"Mama Stidham, hata tukitaka hatuwezi," alisema mwenyekiti Tolliver, ambaye hakuonekana kutaka hata kidogo. "Sheria ya kura ya wananchi haibadilishwi ila na kura ya wananchi. Mliiandika wenyewe."

"Niliiandika mimi! Na mimi ndiye nakwambia nimekosea!"

"Basi waambie wapiga kura. Uchaguzi ni mwakani. Muda wako umekwisha, mama."

"Verna, kawauzie maiti!" mtu akadakia kutoka nyuma, ukumbi ukacheka.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na hakuna aliyempa. Quiroz akafunga. Duka jingine la karibu lilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari, na Royce hawezi kukaa garini hata saa moja. Chupa ilipokauka, miguu ikaanza kukaza tena.

"Usinitazame hivyo," Royce alimwambia huku jasho likimtoka. "Mimi sikuandika kitu."

Verna akachukua karatasi mpya za saini, za kuufuta ule mstari wa futi elfu, akaenda kwa wifi yake kuliomba kanisa mara ya pili. Alimsikia akimwagilia nyuma ya nyumba, akazunguka. Na pale, nyuma ya mistari ya nyanya, kulisimama mimea minne ya bangi iliyonawiri, mirefu kuliko uzio.

Ivalene akageuka na mpira wa maji mkononi. Maji yakaendelea kumwagika.

"Ni ya nyonga yangu," alisema Ivalene. "Nina barua ya daktari. Mgonjwa anaruhusiwa kupanda yake."

"Wewe? Wewe uliyetaka futi elfu moja?"

"Nilisema maduka, wifi. Sikusema bustani yangu."

Verna alitamani kumvua kofia yake ya majani na kuikanyaga. Lakini Ivalene alikwishaingia jikoni, akatoka na mtungi mdogo wa kioo wa mafuta ya bangi aliyoyachuja mwenyewe.

"Mpelekee kaka yangu. Ukiisha njoo uchukue mwingine, sitaki hata senti."

"Nitilie saini kwanza."

"Karatasi inayozungushwa mji mzima? Kila mtu asome jina langu? Dawa chukua. Jina sikupi."

Verna aliuchukua mtungi. Angefanyaje? Usiku huo Royce alilala, yeye akabaki macho akitukana dari.

Jumamosi alikuwa tena mlangoni pa supamaketi. Wengi walimpita wakitabasamu. "Si tulishakupigia ndiyo, Verna? Hongera!" Karibu na adhuhuri Ivalene akatokea akisukuma toroli, pamoja na akina mama watatu wa kanisani. Verna akainua kalamu.

"Hapana, asante," alisema Ivalene kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mimi na mambo hayo mbali mbali."

Akina mama wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Mtungi nyumbani ulikuwa umebaki robo.

"Haya, wifi," alisema Verna. "Siku njema."