Hadithi za Mayu Zilizobaki Nyumbani

Pamba ikilala ndani ya nyumba huwa na harufu yake: vumbi lililopigwa jua, mafuta ya mbegu, na kwa mbali ukali wa dawa ya wadudu. Nyumbani kwetu Sapiwi, wakati wa mavuno, chumba cha watoto ndicho kilichokuwa ghala. Tulilala juu ya pamba, tukaamka na nyuzi nyeupe kichwani kama vikongwe. Msimu ninaoukumbuka ni ule wa kwanza wa soko huria, malori ya wanunuzi binafsi yalipoanza kuingia kijijini. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na mlango mmoja tu, chama cha msingi cha ushirika, nacho kilipima leo na kulipa kitakapojisikia. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo waliopona. Mimi nilikuwa darasa la nne, na nilichokiona ni kwamba ghala la chama lilipigwa kufuli, mbuzi wakaanza kulala barazani pake.

Darasa la kisomo cha watu wazima nalo lilikufa msimu huohuo, na pamoja nalo gazeti dogo la vijijini lililokuwa likiletwa pale. Hilo ndilo lililotugusa, maana mama yetu, Kabula, ambaye kwa Kisukuma tulimwita mayu, alikuwa mtunzi wa hadithi. Alijifunza kuandika ukubwani, mdogo wangu Masanja akiwa mgongoni, na tangu aliposhika herufi hakuweza kuacha. Aliandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nyuma ya kalenda, pembezoni mwa hesabu zangu za shule. Alipokosa karatasi aliandika pajani kwa kalamu, kisha akahamisha maneno kabla ya kuoga. Ugali uliungua. Ndege walikula mtama yeye akiwa palepale shambani, ameinama. Lile gazeti lilikuwa limemwahidi kwamba hadithi yake moja itatoka. Kisha gazeti likaacha kuja, na hakuna aliyefika kutueleza kwa nini.

Bibi, mama yake baba, aliona ni ugonjwa. "Mkono wa mkeo una kitu," alimwambia baba, akaagiza mganga kutoka upande wa Mkula. Mganga alichemsha mizizi, mayu akanawa mikono bila ubishi, akajifuta kwa kanga, akasema, "Wabeja," yaani asante. Mganga hajamaliza uji aliokaribishwa, mayu alikuwa ameshaketi nyuma ya nyumba anaandika habari za mganga mnene anayeogopa kuku. "Sikio la kufa halisikii dawa," bibi akasema, na jambo hilo hakuligusa tena.

Wasomaji wake walikuwa wanawake wa jirani waliokuja kutusaidia kuchambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mikono yao ikifanya kazi, mayu aliwasomea. Msimu ule hadithi ilikuwa ya Nyamizi, mwanamke aliyemwacha mumewe akaenda Lamadi kuuza samaki. Waligombana juu yake kama juu ya ndugu yao. "Asirudi!" alisema mmoja. "Na watoto je, walelewe na nani?" akadaka mwingine. Asubuhi moja jirani yetu Mama Shija alifika kabla sijafagia uwanja. "Mwangaluka, Mama Limi," alimwamkia mayu kwa jina langu. "Eti, Nyamizi amerudi kwake?" Mayu akamjibu kwamba bado hajui, na ilikuwa kweli, hakujua.

Pamba ilipouzwa, mayu alinichukua tukapanda basi hadi Mwanza, karatasi zake zikiwa zimefungwa kwenye kitenge. Alikuwa ameelekezwa mahali wanapotoa vitabu. Mzee tuliyemkuta alitukaribisha viti, akasoma kurasa za mwanzo akitabasamu, kisha akavua miwani.

"Mama, unaandika vizuri. Miaka ile tungekichukua. Sasa hivi ruzuku hakuna, kila kitu ni biashara. Mwandishi analipia uchapaji mwenyewe."

Mayu aliuliza ni kiasi gani. Akatajiwa. Akaitikia kwa kichwa kama aliyetajiwa bei ya sabuni, akaanza kufunga kitenge chake. Wakati wa kurudi, basi liliposimama Lamadi, alininunulia sato wa kukaanga, yeye hakula. Nilimla samaki mzima hadi kichwa. Sikumbuki kuona huruma. Nakumbuka chumvi.

Baba hakujua kusoma. Mambo ya Nyamizi aliyasikia kwa wake za watu. Alipoelezwa ya Mwanza, siku kadhaa alikuwa akiingia na kutoka zizini. Kisha mchana mmoja, tukila michembe ya viazi vitamu kivulini, akasema, "Mama Limi, nitampeleka yule maksai mwekundu mnadani."

"Wa kulimia?"

"Ndiye mwenye bei."

"Na mwakani tutalima na nini?"

"Tutaazima."

Kesho yake baba alimfungua maksai, akashika njia. Mayu alikuwa anaosha vyombo. Aliosha mpaka vikaisha, akavianika, halafu akaanza kukimbia. Nikamfuata. Tulimkuta baba kwenye kivuko cha mto, maji yakiwa haba, maksai anakunywa. Mayu aliichukua kamba mkononi mwake, akamgeuza mnyama.

"Ni wewe uliyekataa," baba alisema. "Usije kusema ni mimi."

"Ni mimi."

Tulirudi wote watatu nyuma ya ng'ombe. Nilijua kuna jambo kubwa limetokea, lakini nilikuwa nawaza kama michembe ya jana imebaki. Alasiri ile mayu alikalia kigoda chake akaandika, na Nyamizi akarudi kwa mumewe. Wanawake walipogundua, wawili hawakuja kuchambua pamba msimu uliofuata.

Baba alishafariki. Mayu anaishi nami Bariadi mjini, na bado anaandika, kwa miwani mizito, kwenye karatasi nyeupe ninazomletea kutoka ofisini. Mji umekuwa makao makuu ya mkoa, maduka ya uchapaji yamepangana barabarani, na kijana wa duka moja aliniambia kitabu kinatoka ndani ya wiki, nilete tu kazi kwenye flashi. Gharama naimudu. Nilimweleza mayu. Aliniuliza, "Watasoma akina nani?" Nikaenda kuanua nguo. Hilo lilikuwa mwaka juzi, na hatujalizungumza tena. Jumapili baada ya ibada mayu huwasomea wajukuu. Wao huitikia, "Ee, bibi," macho yakiwa kwenye simu. Yeye husoma mpaka mwisho bila kuruka neno, akibadilisha sauti kwa kila mtu anayesema, kisha hukunja karatasi na kuuliza kama chai imeiva.