Nyuki Katika Bomba la Maabara

Sijawahi kumchukia mdudu kama nilivyowachukia nyuki wa Kiritiri, na sioni haya kusema hivyo, ingawa huko asali ni heshima na posa haiendi bila pombe ya asali.

Nilikuwa mwalimu wa kemia katika shule ya wasichana. Maabara yetu ilikuwa na kabati moja la kioo la kutengenezea gesi za sumu. Gesi ilipitishwa kwanza kwenye chupa ya sodiamu haidroksaidi, kemikali inayoifyonza, na iliyosalia ikapanda bomba hadi juu ya paa. Kisha kundi la nyuki likahamia bombani na kuliziba kwa masega. Nilimwomba mwalimu mkuu, mzaliwa wa hapo, awatoe.

"Mwalimu, nyuki wakikuja wenyewe hawafukuzwi," akanijibu. "Hiyo ni baraka. Tungoje tuvune."

"Na gesi ya klorini itatokea wapi?"

"Endelea. Si kuna madirisha?"

Madirisha! Nusu yalikuwa yamepigiliwa misumari kwa sababu ya wezi. Lakini mtihani wa taifa ulikuwa karibu, na mkuu ni mkuu. Nikatengeneza klorini kidogo, nikamweka nyuma kabisa msichana mmoja mwenye pumu, binti wa muuza makaa.

Chupa ya kufyonza ilizidiwa. Gesi ikapanda, ikakwama, ikaturudia kupitia mlango wa kabati. Nilizima moto wa kuchemshia, nikawaambia wasichana watoke. Wa kwanza alifungua mlango, akapiga kelele, akaufunga. Nyuki waliokerwa na gesi walikuwa wametanda barazani. Mbele nyuki, nyuma klorini. Maji yalinifika shingoni, na nilimtukana mkuu moyoni kwa lugha ya mama.

Kisha nikausikia mluzi kifuani mwa yule msichana. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Niliwaamuru wote wajifunike vichwa kwa sweta na wanifuate, nikambeba mgongoni, nikapita katikati ya nyuki. Waliniuma hadi macho yakavimba yakajifumba.

Mkuu alikuja mbio. Nilimsikia akiuliza kwanza kama nyuki wamehama.

Jioni nilimtembelea msichana katika zahanati. Pumzi yake ilikuwa imetulia. Niliketi nikijua bomba bado limezibwa, na kwamba sina uwezo wa kulizibua.

"Mwalimu," akaniuliza, "hiyo gesi inaweza kuja kwa mtihani?"

"Inaweza."

Akafikiri kidogo, bila hasira yoyote. "Basi tukirudia, mimi nikae kwa mlango wa kutoka."