Ama Baada ya Salamu

Kalamu ya wino ya zamani haifi kwa uzee. Inauawa na watu wanaoipenda. Mtu anaikuta kwenye sanduku la marehemu baba yake, inagoma kuandika, basi anaichemsha kama yai, anaibana kwa koleo, anaigonga mezani, halafu ananiletea vipande na kuniambia, kwa sauti ya msibani, kwamba aliijaribu kidogo tu. Nimezika kalamu nyingi zilizojaribiwa kidogo tu.

Kazi hii naifanyia barazani, mbele ya cherehani ya mke wangu, hapa Gisenyi, mji wa mpakani, katikati ya saa za ukutani zilizosimama na miwani iliyovunjika mikono. Nilikulia Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu kinawachekesha majirani. Wanasema naongea kama redio. Nimeshazoea. Fundi wa kalamu katika mji ambao kila mtu anaandika kwa kidole gumba hana nafasi ya kuchagua atachekwa kwa lipi.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa mtaa wa Nengo, mjane, kajifunga mtandio mweupe wa eda. Nilimfahamu kwa sura, na marehemu mumewe nilimfahamu kwa sifa. Mzee yule alikuwa mwalimu wa madrasa na, kabla ya simu kuingia kila mfukoni, ndiye aliyewaandikia barua nusu ya Waislamu wa mji huu. Mama alifungua leso yake, akanipa kalamu nyeusi ya mpira mgumu, nibu yake ya kuandikia ni ya dhahabu, ubavuni ina kijiti cha chuma cha kuvutia wino.

"Fundi, mi nataka iandike," alisema. "Vile ilikuwa inaandika."

Nikamwambia aniachie, arudi Alhamisi. Sikumuuliza neno lingine. Daktari anamuuliza mgonjwa, lakini fundi aliyejaa sifa haoni haja.

Nifafanue nilichofanya, maana nilikifanya vizuri, na hapo ndipo penye aibu yote. Mpira mgumu ukiutia maji ya moto unageuka rangi ya chai ya maziwa, na weusi wake haurudi. Kwa hiyo sikuutia maji ya moto. Niliiweka kalamu kwapani, chini ya shati, nikanywa chai vikombe viwili huku nikiwasalimu wapita njia kwa mkono mmoja tu, mpaka gundi ya zamani ikaanza kulegea kwa joto la mwili. Koleo sikuligusa. Niliizungushia kipande cha mpira wa baiskeli nikaizungusha polepole, nikapumzika, nikazungusha tena, na shingo yake, pale inaposhika nibu, ikatoka nzima. Ndani, kile kifuko cha mpira kinachohifadhi wino kilikuwa kimekauka na kuvunjika kama ganda la karanga. Nikavikwangua vipande vyake, nikavitupia kwenye kopo langu la maziwa ya unga, ambamo natupia kila kisichofaa. Mahali pake nikavalisha ule mpira mdogo wa kidoneshea dawa ya macho, nikaupaka poda ya mtoto usigande.

Kisha nikaosha. Nibu na ulimi wake, ule unaopeleka wino kwenye ncha, nilivilaza kwenye bilauri ya maji baridi. Maji yakageuka bluu kama kanga mpya, nikayamwaga mtaroni. Nikatia mengine, nikayamwaga. Siku mbili nzima niliosha, nikamwaga, nikaosha, mpaka maji yakatoka meupe kiasi kwamba mke wangu aliuliza kama nataka kuyanywa. Nikaing'arisha kwa kitambaa cha flana. Ilipendeza. Nilijiona mtu wa maana sana.

Alhamisi mama alirudi, nami nikamwekea kalamu juu ya kitambaa cheupe kama bibi harusi.

"Nimeisafisha hata chembe ya wino wa zamani haikubaki," nikamwambia.

Aliitazama kalamu, akanitazama mimi.

"Wino yake umeiweka wapi?"

"Wino upi, mama?"

"Ile ilikuwa ndani. Wino ya muzee."

Nikamwambia nimeumwaga. Nilitamka kama mtu anayengoja kushukuriwa. Mama akakaa kwenye benchi la wateja wa mke wangu, akavuta mtandio ukamfunika mdomo, wala hakulia. Afadhali angelia.

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akaniruhusu nisome. Ilikuwa barua ya mzee kwa binti yao wa pekee, aliyeolewa Goma. Kutoka barazani kwangu hadi kwa binti huyo ni mwendo wa miguu. Mtu anavuka mpaka na kufika kabla chai aliyoiacha nyumbani haijapoa. Lakini baba na binti hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita. Mama alinieleza chanzo. Binti alipoamua kuolewa, alimjulisha baba yake kwa ujumbe wa simu wa mstari mmoja: naolewa Jumamosi, karibuni. Bila salamu. Mzee, aliyekuwa amewaandikia watu barua maisha yake yote, hakuwa na tatizo na bwana harusi. Tatizo lake lilikuwa kwamba mtoto aliyemfundisha yeye mwenyewe kushika kalamu hakuuliza hata hali ya mama yake. Akanuna. Miaka sita alinuna, na binti naye akarithi ununaji huo bila kupungukiwa.

Mwishowe mzee alipolala kitandani asiinuke tena, aliomba kalamu. Aliandika jinsi alivyozoea. Alimsalimu binti kwa jina la Mwenyezi Mungu, akamsalimu mumewe, akawasalimu watoto ambao hajawahi kuwaona, akauliza afya za wakwe, akaeleza kwamba wao huku Gisenyi ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni juu yao huko. Ugonjwa wake hakuutaja, maana si adabu kuanza na mabaya. Nusu ukurasa ulijaa. Kisha akaandika: Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii ni. Hapo mkono ukachoka. Akasema ataendelea kesho, na kesho hiyo ilimkuta kaburini.

Nimewahi kusikia watu waliokufa wakiwa kazini. Huyu alikufa akiwa katika adabu.

"Mi nilitaka kuimalizia," mama akasema. "Yeye ndiye alinifunza kuandika. Mwandiko yangu na yake ni moja, hata yeye alikuwa anaichanganya. Kalamu yake, wino yake, mutoto atajua ni baba."

"Mama, huo si uongo?"

"Uongo ni kama singejua alitaka kusema nini. Nililala naye miaka makumi inne. We unafikiri sijui?"

Nikamwambia duka la vitabu lina wino wa bluu. Akatikisa kichwa. Wino wa mzee alikuwa akiuchanganya mwenyewe, bluu na nyeusi, kwa kipimo alichokijua yeye, na binti ndiye aliyekuwa akitumwa dukani kununua chupa za rangi hizo tangu utotoni. Angeuona mstari wa mwisho umebadilika rangi, angejua baba hakumaliza, na kutoka hapo angeamini kwamba baba hakukusudia kumaliza. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga kwa siku mbili, kwa bidii. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa chuoni nikichapwa kwa kusahau sura.

Ndipo mke wangu, ambaye alikuwa akishona na kujifanya hasikii, akasema bila kuinua macho, "Na yale maganda yako kwenye kopo?"

Nikalimwaga kopo mezani. Tulivichambua vipande vya kile kifuko kikavu sote watatu, kama watu wanaochambua mchele. Upande wa ndani kila kipande kilikuwa na ukoko mweusi. Nilikwangua ukoko ule kwa wembe juu ya kisosi, nikaupata wa kujaza ukucha. Nikadonesha maji ya birika yaliyopoa, tone baada ya tone, nikikoroga kwa kijiti cha meno. Kwenye tone la saba rangi ilianza kufifia, nikaacha. Ilikuwa ile ile, bluu iliyoingia usiku.

Matone saba hayawezi kuvutwa na kijiti wala kuingia kifukoni. Mpira wangu mpya wa dawa ya macho, ulioniletea fahari kubwa hivyo, ulikaa tumboni mwa kalamu bila kazi. Nilidonesha wino chini ya nibu moja kwa moja. Na kwa mara ya kwanza tangu nianze ufundi, nilimkabidhi mteja kalamu bila kuijaribu, kwa sababu jaribio lenyewe lingemaliza wino.

Mama alikuwa amepanga kuandika ukurasa mzima. Aliniambia alikuwa na sababu zote kichwani, za baba na za kwake, na malalamiko mawili matatu ya kutia chumvi. Sasa alikaa akiitazama karatasi, midomo ikipunguza maneno. Mke wangu alisimamisha cherehani. Kisha mama akaandika, taratibu, kwa ule mwandiko wa marehemu: kukuomba uje nyumbani. Nibu ikakwaruza kavu kwenye herufi ya mwisho. Hakukubaki wino wa sahihi.

Barua ilivushwa na mwanamke anayepeleka karoti Goma kila asubuhi.

Miezi mitatu baadaye, mwanamke wa makamo alisimama barazani akiwa na ile leso. Kalamu ilikuwa imeziba tena. Mama yake alikuwa amemtuma. Ilikuwa ni mara yake ya nne kuvuka kuja kumsalimu, akaniambia, na mara zote nne walikuwa wamegombana.

"Fundi," akasema, "ile salamu yote ni ya baba. Ule mustari wa mwisho ni ya mama."

Nikajifanya natafuta miwani.

"Baba angeandika kurasa mbili mbele ya kuniomba kitu. Mwenye anaweza kuniita kwa maneno tatu ni mama peke yake. Nilijua siku ileile. Lakini yeye anafikiri sijui. Umuache vile."

Nikasema kazi yangu ni kutoharibu. Nikaifungua kalamu, na chini ya ulimi wa nibu kulikuwa na alama nyembamba ya bluu iliyokauka. Safari hii niliuliza kwanza.

"Niioshe?"

"Hapana. Na usiharakishe kuitengeneza. Mi na mama, kama hatuna kitu cha kufuatilia, tunagombana. Acha nikuwe nakuja kuuliza kama imekwisha."

Imelala kwenye droo yangu, haijaguswa. Kila Ijumaa binti anavuka mpaka, anapita kuniuliza, namwambia bado, anaendelea kwa mama yake na jibu hilo, na wawili hao wananisema mpaka jua linazama. Nasikia huko Nengo mama anawaambia watu wasiniletee kitu, fundi yule ni mvivu, kalamu moja imemshinda mwaka mzima. Nakutana naye njiani, namwamkia, ananijibu kwa baridi, nami nakubali kuwa mvivu.