Mpeasi Uliopandwa kama Muhogo

Mwaka 1913, masika yakiishia, tulipoteza mpeasi wetu.

Mti ule mama alipewa na kaka yake, aliyekuwa mtunza bustani kwa Wajerumani huko juu Usambara. Aliuleta ukiwa mche, shina lake limefungwa kwa kamba ya mgomba. Alimweleza mama kuwa chini, penye mizizi, ni mti wa aina nyingine, na juu, palipoungwa, ndiyo peasi yenyewe, iliyotoka Ulaya kwa meli. Jina lake la Kijerumani alilitaja, nimelisahau.

Matunda yake hayakupendeza macho: madogo, ya kijani, yenye madoa kama kutu. Ukiling'ata likitoka mtini, gumu, linakwaruza ulimi. Mama aliyafukia kwenye mahindi ghalani. Yakilainika, maji yake yalitutiririka hadi kwenye viwiko.

Kisha mjomba akaondoka na msafara wa wapagazi, hakurudi. Kwa mama, mti ule ndio uliobaki wa kaka yake.

Mzungu mmoja akautaka mlima wetu kwa kahawa. Tukaambiwa tushuke Kerenge. Baba, kwa kumhurumia mama, akaukata mpeasi matawi yote, akabakiza kisiki.

"Tunakwenda nao," alisema.

Huko bondeni akayakata matawi vipande, akavichomeka ardhini vimelala kidogo. Muhogo, miwa, viazi vitamu, vyote tulivipanda hivyo. Maneno ya mjomba juu ya miti miwili aliyaona majivuno ya mtu wa bustani.

Jirani yetu, mama wa Kizigua, alisimama njiani akicheka. "Shemeji, muhogo gani huo? Mtasonga ugali wa Kijerumani?"

"Cheka tu, shemeji. Mti ukizaa utakuja na kikapu."

"Nitakuja na meno!"

Vijiti vikachipua. Kila asubuhi mama alivitazama kabla ya kuwasha moto, na baba alitembea kama mtu aliyelipa mahari. Halafu majani yakanyauka, moja moja, mvua ikiwa bado inanyesha.

Baba akapanda mlimani kutafuta machipukizi kwenye kisiki. Alirudi jioni mikono mitupu.

"Wameng'oa mpaka kisiki, mama watoto. Pamechimbwa mashimo ya kahawa."

Mama alikwenda shambani, akakivuta kijiti kimoja. Hakikuwa na mzizi hata mmoja. Akakirudisha palepale, akaushindilia udongo kwa kisigino.